Kichwa kinauma kila mara? Anzia shingoni

Msomaji, hebu fanya jambo moja kabla ya kuendelea na ukurasa huu. Peleka kidole gumba nyuma ya sikio lako, mahali penye mfupa uliojitokeza, kisha kitelezeshe polepole kuelekea kisogoni, chini ya ukingo wa fuvu, mpaka kiangukie kwenye kibonde laini. Bonyeza. Ikiwa wewe ni mmoja wa wale wanaoumwa na kichwa mara mbili tatu kwa wiki, huenda umekunja uso sasa hivi.

Kibonde hicho ndicho nilichombonyeza mama mmoja mhasibu aliyefika katika chumba changu cha matibabu akiwa amekata tamaa. Alikuwa na umri wa miaka 38, na kwa muda wa miezi minane kichwa kilikuwa kikimuuma karibu kila siku ya kazi. Alikuwa amemeza dawa za malaria mara tatu bila kupimwa damu, amebadilisha miwani, na jirani yake alikuwa ameanza kumnong'oneza kuwa kuna mkono wa mtu. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na karatasi mbili za tembe za kutuliza maumivu, moja ikiwa imebaki na tembe mbili tu. Nilipobonyeza aliruka kitini.

"Hapo hapo, daktari! Hapo ndipo kinapoanzia, halafu kinapanda mpaka kwenye jicho."

Watu wengi hudhani kwamba kichwa kikiuma, ubongo ndio unaouma. Sivyo. Ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Kinachouma ni misuli, ngozi, mishipa ya damu na utando unaoufunika ubongo huo. Sasa fikiria kazi ya misuli ya shingo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5, yaani kama pakiti mbili na nusu za unga wa ugali. Kikikaa wima juu ya pingili 7 za shingo, mzigo huo hushuka vizuri hadi mabegani. Lakini ukiinamia simu ndani ya matatu kutoka Githurai hadi katikati ya jiji, kisha uinamie kompyuta kutwa nzima, kisha urudi vivyo hivyo jioni, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayozuia pakiti hizo zisianguke kifuani. Fundi cherehani yumo katika hali hiyo hiyo, na mwalimu anayesahihisha madaftari, na mama anayenyonyesha huku akimtazama mtoto.

Misuli iliyokazwa kwa saa nyingi hufanya vifundo, navyo vifundo huuma. Swali ni kwa nini maumivu ya shingo yasikike kwenye paji la uso. Mishipa 3 ya kwanza ya fahamu inayotoka shingoni hukutana, ndani ya shina la ubongo, na mshipa unaoleta habari kutoka usoni na kwenye macho. Ni kama nyumba mbili za kupanga zilizounganishwa na kengele moja: ikilia, aliye ndani hajui ni nani aliyebisha. Ndiyo sababu mtu husugua kipaji kwa mafuta ya kuchua hadi ngozi inawasha, na kichwa kisipoe, kwa sababu anasugua mahali ambapo hapana kosa.

Maumivu haya ya mkazo ndiyo ya kawaida zaidi kati ya maumivu yote ya kichwa. Dalili zake hutambulika. Kichwa hubana pande zote mbili kama kilichofungwa kamba, hakipigi kama ngoma, na mgonjwa, ingawa ana hasira na kila mtu, huendelea na kazi yake. Huweza kudumu kwa nusu saa au kwa siku kadhaa. Kipandauso ni kingine. Hicho mara nyingi hushika upande mmoja, hudunda, huleta kichefuchefu, na mwenye nacho hutafuta chumba chenye giza. Kukanda shingo kunaweza kumpunguzia mwenye kipandauso ugumu wa shingo unaoandamana nacho, lakini asidhani kuwa amekitibu. Huyo ana dawa zake na azifuate kwa daktari.

Je, kukanda kunasaidia kweli, au ni starehe tu? Mwaka 2002, jarida moja la afya ya jamii la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Colorado. Watu waliokuwa wakiumwa na kichwa cha mkazo karibu kila siku walikandwa misuli ya shingo na mabega kwa nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 4. Siku za maumivu zilishuka kutoka karibu 7 kwa wiki hadi 2. Ni jambo la kutia moyo, lakini sitakuficha kwamba watu wenyewe walikuwa 4 tu. Tafiti zilizofuata nazo nyingi zilikuwa ndogo. Kwa hivyo mimi husema hivi kwa wagonjwa wangu: si tiba ya ajabu, lakini ikifanywa vizuri haina madhara, haina gharama, na inampunguzia mtu haja ya kumeza tembe. Hilo la mwisho ndilo ninalolijali zaidi.

Maana tembe zenyewe huleta maumivu ya kichwa. Najua unashangaa. Mtu anayemeza dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, huweza kupata kichwa kinachosababishwa na dawa hizo hizo. Kwa tembe za mchanganyiko, siku 10 kwa mwezi zinatosha kukuingiza shimoni, na tembe nyingi zinazouzwa vioskini ni za namna hiyo: aspirini, parasetamoli na kafeni ndani ya kidonge kimoja. Asubuhi dawa ya jana ikiisha mwilini, kichwa huanza, unameza nyingine, na gurudumu linazunguka. Isitoshe, aspirini na dawa za jamii yake huchoma tumbo na kuelemea figo. Mama yule mhasibu alikuwa amefika hapo. Nilimweleza kwamba akiacha, kichwa kingemuuma zaidi kwa siku chache, pengine hata wiki nzima au zaidi, kabla ya kutulia, na kwamba siku hizo ndizo angehitaji mikono yake.

Haya ndiyo niliyomfundisha. Chagua wakati wa jioni, kabla ya kulala. Chovya taulo ndogo ndani ya maji moto, ikamue, uiweke kisogoni na mabegani kwa dakika 10. Joto hulegeza misuli. Kaa kitini, viwiko vikiwa juu ya meza, na uache kichwa kiegemee mikononi, kwa sababu huwezi kuukanda msuli ambao bado umebeba kichwa. Weka vidole gumba kwenye vile vibonde viwili chini ya fuvu na ubonyeze kuelekea juu, kama unayetaka kuliinua fuvu kidogo. Maumivu yawe yale mtu anayoyaita "matamu": unayasikia, lakini unapumua bila kukaza meno. Shikilia kwa muda wa nusu dakika, achia, sogea upana wa kidole kuelekea katikati, rudia. Usisugue haraka haraka. Msuli uliokazwa huachia kwa kusubiriwa.

Kisha nenda begani. Kwa mkono wa kulia shika nyama iliyo kati ya shingo na bega la kushoto, ibane baina ya vidole na kiganja kama unayekanda unga wa chapati, na uende hivyo taratibu hadi ncha ya bega. Ukikutana na kifundo, tulia juu yake. Badilisha mkono. Mafuta kidogo ya nazi yatasaidia vidole visikwaruze ngozi. Ukiwa na mwenzako nyumbani, mwombe akukande hapo, ila mwambie mapema kwamba nguvu si sifa. Asiye na wa kumkanda atie mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi, aifunge, alale chali sakafuni na kuiweka chini ya kisogo, mpira mmoja kila upande wa uti wa mgongo, kwa dakika 5. Mwisho, kaa wima na urudishe kidevu nyuma, kama anayekwepa kijiko cha dawa chungu, uhesabu hadi tano, mara 10.

Fanya hivyo mara tatu au nne kwa wiki kwa mwezi mmoja kabla ya kuamua kwamba imekufaa au haikukufaa. Weka daftari dogo: tarehe, kichwa kilianza saa ngapi, umekula nini au hukula, umemeza nini. Daftari hilo hunisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuna mahali ambapo mkono usiguse. Mbele ya shingo na pande zake, pale unaposikia mshipa ukidunda, hapakandwi kamwe. Mwenye homa, mwenye uvimbe au tezi shingoni, aliyeumia katika ajali, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye ugonjwa wa mifupa na viungo, amwone daktari kwanza.

Na sasa naomba nizungumze juu ya kinyozi. Napenda kunyolewa kama mwanamume yeyote, na mikono ya kinyozi juu ya mabega baada ya kunyoa ni raha. Lakini kuna desturi ya kumshika mteja kidevu na kuizungusha shingo ghafla mpaka ilie "ka!". Ndani ya mifupa ya shingo hupita mishipa miwili ya damu inayolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikikunjwa ghafla, ukuta wa mshipa huo waweza kupasuka kwa ndani, damu igande, na kiharusi kifuate. Halitokei mara nyingi, lakini nimemwona kijana mwenye afya nzuri aliyeletwa na nduguye siku mbili baada ya shingo yake kulizwa hivyo, akiyumba kama mlevi na kuona vitu viwiliviwili. Alilazwa majuma matatu. Mwambie kinyozi wako akande lakini asivunje; hatakasirika.

Aidha, yapo maumivu ya kichwa ambayo hayasubiri kukandwa. Kichwa kilichokuja kwa ghafla kama radi, kikali kuliko chochote ulichowahi kukisikia. Kichwa chenye homa na shingo ngumu isiyoinama, ambayo huweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Kichwa kilichofuata kugongwa. Kichwa kinachoandamana na mkono au mguu kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kufifia au degedege. Kichwa kipya kwa mtu aliyepita miaka 50, au kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi. Kichwa kikali kwa mama mwenye mimba iliyopita wiki 20, kwani huenda shinikizo la damu limepanda. Hao wote waende hospitalini siku hiyo hiyo. Tena, ikiwa watu wa nyumba nzima huamka na kichwa kizito na kupata nafuu wakitoka nje, msilaumu shingo. Tazameni jiko la makaa mnalolala nalo mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na huua. Litoeni nje usiku huo huo.

Mama yule mhasibu alirudi baada ya wiki 6 akiwa na daftari lake. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya, kama nilivyomwonya, na aliandika kwamba nusura anipigie simu kunilaumu. Wiki mbili za mwisho kichwa kilikuwa kimemuuma siku 3 tu. Mbili kati ya hizo, alinionyesha kwa kidole, zilikuwa tarehe 29 na 30, wakati wa kutayarisha mishahara.