Jumatano: Kilio Katikati ya Kazi

Soma Nehemia 2:11-18. Nehemia alikuwa mgeni Yerusalemu. Aliwapataje watu wa kuujenga ukuta?

Nehemia alifika akiwa na barua za mfalme Artashasta na maakida wa jeshi. Angeweza kuanza kwa amri. Badala yake alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kuukagua ukuta yeye mwenyewe. Alipozungumza na watu, alijihesabu pamoja nao katika aibu ya mji na katika kazi ya kuujenga. Aliwashuhudia jinsi mkono wa Mungu ulivyokuwa pamoja naye. Nao wakakubali.

Sura ya 3 inaonesha jinsi kazi ilivyogawanywa. Makuhani, wafua dhahabu, watengenezaji wa manukato, na Shalumu pamoja na binti zake, kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Wengine walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe (Neh. 3:23, 28-30). Mtu anayejenga ukuta utakaowalinda watoto wake hahitaji msimamizi wa kumsukuma.

Soma Nehemia 5:1-13. Watu walilalamikia nini, na Nehemia alifanya nini?

Maadui walikuwa wakitishia, na wapagazi walikuwa wamechoka. Wakati huohuo kikasikika kilio cha watu na wake zao. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na baadhi ya watoto wao walikuwa tayari watumwa. Waliowadai hawakuwa maadui, bali ndugu zao Wayahudi.

Kiongozi mwingine angesema, "Tumalize ukuta kwanza, hayo mengine tutayaangalia baadaye." Nehemia hakuahirisha. Alikasirika, akatafakari moyoni, kisha akawakabili wakuu mbele ya kusanyiko. Alikiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha fedha na nafaka. Akadai mashamba na nyumba zirudishwe siku ileile. Yeye mwenyewe, kwa miaka 12, hakula posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito (Neh. 5:14-18).

Ukuta ulikamilika kwa siku 52 (Neh. 6:15). Kisha ulipofika wakati wa kuchagua msimamizi wa mji, Nehemia alimweka Hanania pamoja na Hanani ndugu yake. Sifa anayoitaja kwa Hanania ni uaminifu na kumcha Mungu (Neh. 7:2).

Siku hizi wapo waajiri wanaoongoza ibada ya asubuhi kazini, huku mshahara wa mlinzi au wa dada wa nyumbani umecheleweshwa miezi miwili. Maombi hayo hayakifuniki kilio cha mfanyakazi. Yakobo 5:4 inasema kilio hicho kinafika masikioni mwa Bwana. Mungu aliyetaka ukuta ujengwe ndiye pia aliyewasikia wajenzi wake.

Kwa nini ni rahisi kiongozi kuona kazi inavyoendelea asione hali ya wanaoifanya? Jadilini jambo hili darasani, mkianza na kanisa lenu wenyewe.

Nani anafanya kazi chini yako, nyumbani, shambani, dukani au ofisini? Kama angeulizwa leo unavyomtendea, angejibu nini? Ni jambo gani unalopaswa kulirekebisha kabla Sabato haijaingia?