Tetherini: Kamba ya Seli Inayonasa Virusi

Tukitaja kinga ya mwili wengi wetu hufikiria chembe nyeupe za damu peke yake. Ukweli ni kwamba hata utando wa seli una walinzi wake. Mmoja wao ni protini iitwayo tetherini, ambayo kazi yake ya kuzuia VVU ilibainishwa mwaka 2008.

Umbo lake

Tetherini ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 180, wenye sehemu nne:

1. Mkia mfupi ulio ndani ya seli.
2. Kipande kinachopenya utando.
3. Fimbo ndefu iliyo nje ya seli.
4. Nanga ya mafuta, inayoushika utando kwa upande wa nje.

Kwa hiyo protini hii imeshikamana na utando kwa ncha zote mbili, jambo ambalo ni nadra. Tena molekuli mbili hukaa sambamba, zikiwa zimefungwa pamoja kwa vifungo vya salfa.

Inavyofanya kazi

VVU vikitoka kwenye seli hujivika kipande cha utando wake. Hapo ndipo vinaponaswa: ncha moja ya tetherini hubaki kwenye seli, nyingine huenda na vazi la kirusi. Kirusi hubaki nje kimening'inia, kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Je, nguvu hii inatokana na umbo, au na asidi amino zenyewe? Mwaka 2009 watafiti waliunganisha vipande vya protini nyingine, tofauti kabisa na tetherini, ila kwa mpangilio uleule. Protini hiyo bandia nayo ikanasa virusi. Basi siri iko kwenye umbo.

Hila ya kirusi

Kama ni hivyo, mbona UKIMWI umeenea? VVU vya aina ya kwanza vilitokana na virusi vya sokwe. Virusi hivyo vya sokwe huishinda tetherini kwa protini iitwayo Nef, inayoulenga ule mkia wa ndani. Mkia wa binadamu umepungukiwa asidi amino tano mahali hapo, hivyo Nef hiyo ikakosa pa kushika. Lakini kundi M, lililoenea duniani kote kutokea Kinshasa, lilipata njia nyingine: protini yake Vpu hukamata kipande kinachopenya utando, ikaiondoa tetherini juu ya seli na kuipeleka kuharibiwa.

Tunajifunza nini?

Aliyeambukizwa VVU hakuzaliwa bila kinga. Kinga yake imefanyiwa hila. Tusimdharau. Na kwa kuwa tetherini peke yake haitoshi, dawa za ARV ni za lazima: zenyewe huzuia hatua nyingine za kirusi, kama kunakili vinasaba vyake. Anayezitumia asishawishiwe kuziacha.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini tetherini inahitaji ncha mbili?
2. Vpu inatofautianaje na Nef ya virusi vya sokwe?