Somo la 14: Mgeni Anapanda Mlimani

Kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro ni karibu kilomita 200. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Leo wageni huja kwa basi au kwa treni. Hulala katika nyumba za wageni mjini. Asubuhi huanza kupanda milima ya Uluguru.

Wengi huenda Morningside. Hiyo ni nyumba ya zamani ya Wajerumani, juu ya mji. Njia yake hupita kando ya mashamba ya mboga. Wenye nguvu huendelea mpaka kilele cha Bondwa, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Wengine hufuata ndege tu. Yuko ndege mwenye kichwa cheusi na mgongo wa kijani. Anapatikana Uluguru peke yake, duniani kote. Mtu hutoka Ulaya, akakaa msituni kutwa, akamsikia bila kumwona!

Mkulima huuliza: "Mgeni anapita shambani kwangu. Mimi napata nini?"

Swali hilo ni la haki. Mwanakijiji anaweza kuongoza njia, kubeba mizigo, kupika chakula au kuuza matunda. Lakini wapatane kabla ya safari, tena kwa maandishi. Maneno ya mdomo huleta ugomvi jioni, watu wakiwa wamechoka. Tuseme mmeandika hivi:

Jumamosi. Wageni 3.
Kwenda Morningside na kurudi.
Malipo: Sh. 30,000.
Nusu kabla ya kuondoka, nusu baada ya kurudi.

Kila upande utie sahihi na ubaki na karatasi yake.

Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia ya Serikali tangu mwaka 2008. Mgeni hulipia kibali mjini kabla ya kuingia. Humo ndimo unamotoka mto Morogoro. Mto Ruvu pia hupata maji yake Uluguru, na watu wa Dar es Salaam hunywa maji ya Ruvu. Basi mgeni wako ameyanywa maji ya mlima huu kabla hajauona.

Wakati wa masika njia huteleza na ukungu hufunika kila kitu. Mgeni akitaka kuanza kupanda alasiri, mkatalie, hata kama ameshika fedha mkononi.

Maswali
1. Kwa nini mapatano yaandikwe?
2. Katika mfano wetu, mwongozaji atapokea shilingi ngapi kabla ya kuondoka?
3. Andika mapatano ya wageni 5 wanaokwenda Bondwa.