Wasiwasi katika Ndoa: Tuutambue na Tusaidiane Kuubeba



Ziko nyumba ambamo hakuna mlevi, hakuna aliyetoka nje ya ndoa, wala hakuna aliyeinua mkono, na bado amani imetoweka. Mume akirudi jioni ananung'unika kwamba mchuzi una chumvi nyingi, kisha ananyamaza mpaka wakati wa kulala. Mke anampigia simu mara tano kwa siku kumwuliza yuko wapi. Kila mmoja anaona kwamba mwenzake amebadilika na hampendi tena. Kumbe wote wawili wanaogopa, ila kila mmoja anaogopa peke yake.

Katika makala haya tutazungumza juu ya wasiwasi: ni nini, unatoka wapi, na jinsi mume na mke wanavyoweza kuukabili pamoja.

WASIWASI NI NINI?

Hofu na wasiwasi ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Ukikutana na nyoka njiani unaona hofu, kwa maana hatari iko mbele yako. Ukikaa macho saa nane za usiku ukiwaza karo ya Januari, huo ni wasiwasi. Hatari haijafika, na pengine haitafika, lakini mwili wako umeanza kupigana nayo.

Mwenyezi Mungu alituumba na kengele ya kutuonya. Ubongo ukihisi hatari, huziamuru tezi zilizo juu ya figo zitoe homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukazana na tumbo huvurugika. Hayo yote yanafaa kama unatakiwa kukimbia. Matatizo huanza kengele hiyo inapolia kila siku bila kuzimwa. Hapo mtu hukosa usingizi, huumwa na kichwa na shingo, husahau mambo, na hukasirishwa na jambo dogo.

Basi kupatwa na wasiwasi si dhambi, wala si ishara ya imani haba. Bwana wetu mwenyewe alifadhaika katika bustani ya Gethsemane, na aliwaomba rafiki zake wakeshe pamoja naye. Hakuona aibu kuomba mtu wa kukaa karibu naye.

UNATOKA WAPI?

Sababu ni nyingi, na mara nyingi huja kwa pamoja.

Kwanza, shida za maisha: kodi ya nyumba, kazi kupotea, deni, ugonjwa wa mzazi, msiba, au mume kufanya kazi mjini na mke kubaki nyumbani mashambani.

Pili, tuliyoyapitia utotoni. Aliyelelewa katika nyumba ya ugomvi hujifunza kukaa roho juu, na huingia katika ndoa akingoja ugomvi uanze. Tena, katika koo nyingine watu hurithi mwelekeo wa kuwa na wasiwasi.

Tatu, mwili wenyewe. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta mapigo ya moyo na kutetemeka kama kwa wasiwasi. Kahawa nyingi na miraa huzidisha hali hiyo. Pombe humtuliza mtu kwa saa chache, kisha ikiisha mwilini wasiwasi hurudi kwa nguvu zaidi. Mama aliyejifungua naye anaweza kupatwa na wasiwasi mkali, na si kwa sababu hampendi mtoto.

Nne, dhamiri isiyotulia. Wako waumini wanaoungama dhambi ile ile tena na tena, wakiogopa kwamba hawakusamehewa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliteswa na jambo hili huko Manresa mwaka 1522, wala hakupata nafuu mpaka alipoacha kurudia kuungama dhambi zake za zamani. Mwenye taabu hii achague padre mmoja na amtii.

UNAVYOJIFICHA NDANI YA NDOA

Mara nyingi wasiwasi hauji kwa jina lake. Huvaa nguo za hasira, za ukimya, za wivu, au za kutaka kutawala kila shilingi. Mume aliyesikia kwamba wafanyakazi watapunguzwa hasemi, "Ninaogopa." Anawafokea watoto. Mke anayehofia kuachwa hasemi hivyo. Anapekua simu ya mumewe. Mwenzake hujibu kosa analoliona, nayo hofu iliyo ndani hukua.

Wengine huficha kwa nia njema. "Nisimsumbue," mtu hujiambia, "ana mambo yake." Ndipo mume hukopa kwa simu kwa siri, kisha hukopa tena kulipa mkopo wa kwanza. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humwumbua. Siku deni litakapojulikana, mke ataumia kwa sababu ya siri kuliko kwa sababu ya fedha.

TUFANYE NINI?

1. Uitwe kwa jina lake. Badala ya kugomba, sema, "Mama watoto, mimi ninaogopa. Sijui tutalipaje karo." Maneno hayo ni magumu, hasa kwa mwanamume aliyefundishwa kwamba mume haogopi. Lakini yanamgeuza mwenzako awe msaidizi wako, asiwe adui.

2. Sikiliza kabla ya kusahihisha. Usikimbilie kusema, "Acha kuwaza, omba tu," au "Hilo ni jambo dogo." Uliza, "Unaogopa nini hasa?" kisha nyamaza umsikilize. Aliyesikilizwa hushusha mabega hata kabla ya shida kwisha.

3. Tenganisheni yanayowezekana na yasiyowezekana. Chukueni karatasi. Kama ni karo, andikeni kiasi kinachotakiwa, kilichopo na kinachopungua. Amueni nani atakwenda kwa mkuu wa shule kuomba kulipa kidogo kidogo, na nani ataulizia kwenye chama. Tengeni siku na saa ya mazungumzo hayo, yasiwe ya kitandani usiku. Yaliyo nje ya uwezo wenu, kama mvua au uamuzi wa mwajiri, yaandikeni upande wa pili, na hayo ndiyo mtakayoyaweka mikononi mwa Mungu.

4. Msiulishe wasiwasi. Hapa wengi wenye upendo hukosea. Mke akiuliza, "Una hakika hatutafukuzwa kwenye nyumba?" mume humtuliza. Baada ya saa moja anauliza tena, naye humtuliza tena. Kila jibu humpoza kwa muda mfupi na kumfundisha kuhitaji jibu jingine. Jibu mara moja kwa upole na ukweli. Akirudia, mshike mkono umwambie, "Tumeshalizungumza, nami niko hapa." Kadhalika, akiogopa kwenda kanisani au sokoni, usimwendee kila mara. Nenda naye, leo mpaka langoni, kesho mpaka ndani. Jambo linalokwepwa huzidi kutisha.

5. Utunzeni mwili. Mapigo ya moyo yakianza kwenda mbio, vuta pumzi mpaka tumboni ukihesabu hadi nne, kisha itoe polepole ukihesabu hadi sita, kwa dakika chache. Kahawa iachwe kuanzia mchana. Tembeeni kwa miguu pamoja jioni. Wengine husema wakiwa njiani yale ambayo hawayawezi mezani.

6. Salini pamoja. Katika sura ya sita ya Injili ya Mathayo, Yesu hasemi kwamba chakula na mavazi si kitu. Anasema Baba anajua kwamba tunavihitaji, na kwamba taabu ya siku moja inaitosha siku hiyo. Katika kila Misa, baada ya Baba Yetu, padre humwomba Mungu atulinde na fadhaa zote. Jumapili ijayo, padre afikapo hapo, mtajie Mungu kimoyomoyo hofu ya mwenzako. Lakini sala isiwe mlango wa kukimbilia ili tusizungumze.

MSAADA WA NJE UTAFUTWE LINI?

Kama wasiwasi unamsumbua mtu karibu kila siku kwa miezi sita, au unamzuia kulala, kula au kufanya kazi, nendeni hospitali pamoja. Msingoje miezi hiyo ipite kama hali ni ngumu. Wengine hushikwa ghafla: kifua hubana, mikono hutetemeka, nao hudhani wanakufa. Hali hiyo hufikia kilele kwa dakika chache kisha hupungua. Hata hivyo, maumivu ya kifua yachunguzwe kwanza na daktari.

Tiba ipo. Iko ya mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na ziko dawa. Dawa nyingi za hali hii huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu, wala zisiachwe bila idhini ya daktari. Kwenda kwa daktari hakupingani na kwenda kwa padre. Mwenzako akianza kusema kwamba ni afadhali afe, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo.

Neno moja zaidi. Kama mmoja anaogopa kwa sababu mwenzake humpiga au humtisha, kengele yake inalia kwa haki. Huyo asiambiwe atulie na kuvuta pumzi. Anahitaji ulinzi, na atafute mtu wa kuaminika mara moja.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

Kila mmoja aandike majibu yake peke yake, kisha mbadilishane karatasi na kuzungumza.

1. Ni jambo gani ninaloliogopa sasa ambalo sijakwambia?
2. Nikiwa na wasiwasi, wewe huniona nikifanya nini: ninafoka, ninanyamaza, au ninakimbia nyumba?
3. Ni kitu gani kimoja tutakachofanya juma hili ili mzigo huu tuubebe wawili?

Siku ya ndoa yenu mliahidiana kuwa pamoja katika taabu na raha. Wasiwasi nao ni sehemu ya taabu hiyo. Mungu azibariki nyumba zenu.