Sabufa kwenye amplifaya ya zamani

Swali: Amplifaya yangu ya zamani haina tundu la sabufa, ina spika mbili za kawaida tu. Sabufa niliyonunua inachomekwa kwenye umeme. Niiungeje?

Jibu: Igeuze sabufa uangalie mgongoni. Ukikuta vibanio vya waya za spika, kazi imekwisha. Zima umeme kwanza, maana waya zikigusana amplifaya inaweza kuungua. Toka kwenye vibanio vilevile vya amplifaya vinavyolisha spika, kushoto na kulia, uvute waya hadi sabufa, chanya kwa chanya. Spika zibaki zilipo. Sabufa ina amplifaya yake ndani, kwa hiyo haiielemei yako. Palipoandikwa Hz anzia 80, kisha sikiliza. Kama sabufa haina vibanio, usichomeke waya za spika kwenye matundu ya RCA. Nunua kwanza kifaa cha kupunguza nguvu ya mawimbi ya spika.