Kidepo kwa Anayetokea Vurra

Mtu wa Vurra, huko Arua, akitamani kuona wanyama pori, huishia Murchison, maana ukishavuka daraja la Pakwach umeshafika. Kidepo ni safari nyingine. Iko Karamoja, pembeni kabisa mwa Uganda, ikipakana na Sudan Kusini. Ina kilomita za mraba 1,442 na imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1962. Kinachomfanya mtu aipite Murchison ni mbuni, na duma pia, ingawa huyo wa pili ni wa bahati.

Nenda kati ya Desemba na Machi. Wapo wanaoahirisha kwa kuogopa jua, nao hukosa uhondo. Kiangazi kikikolea, mto Kidepo hubaki mchanga mtupu kati ya mivumo, na wanyama hujazana bonde la Narus, kwenye madimbwi yaliyosalia. Makundi makubwa ya nyati hushuka kunywa, na simba hawako mbali. Mvua zikianza, wanyama hutawanyika na udongo mweusi wa Narus hunasa magari.

Kutoka Arua shika njia ya Nebbi na Pakwach. Usizunguke Karuma: ukifika Olwiyo kata kushoto, pitia Anaka hadi Gulu, halafu Kitgum. Lala hapo. Jaza tangi na uchukue dumu la akiba, kwani mbele usitegemee kituo cha mafuta. Lami nayo utaiacha. Ni vumbi na mashimo kupitia Orom hadi Karenga, kwa hiyo ondoka alfajiri. Kabla ya kuondoka waulize polisi au watu wa UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, kuhusu usalama, maana wizi wa mifugo umewahi kuisumbua Karamoja.

Mabanda ya UWA pale Apoka, ndani ya hifadhi, yaagizwe mapema. Beba kitambulisho cha taifa: raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kwa shilingi, tena kidogo mno kuliko mgeni wa dola. Beba pia maji ya kunywa ya siku zote, na waage wa nyumbani mapema, kwani mtandao ni wa kubahatisha. Nguo za bluu na nyeusi ziache; mbung'o huzipenda, hasa ukielekea chemchemi za maji moto za Kanangorok. Kutembea kwa miguu ni pamoja na askari wa hifadhi tu.

Kama huna siku nne au tano za kutenga, ishia Murchison.