Matusi ya Kwenye Simu na Afya ya Mtoto Wako

Siku hizi tunapokea vijana wasiopata usingizi, wenye kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa hamu ya kula. Tukipima malaria hatuoni kitu. Tukiwahoji taratibu, mara nyingine chanzo ni simu: binti ametukanwa mbele ya kundi zima la WhatsApp, au picha yake inazungushwa shuleni.

Husemwa kwamba ubaya ni wa mtu, simu haina kosa. Hapo tunakubali nusu tu. Choo kikichimbwa karibu na kisima, hata wenye kunawa mikono wataugua. Basi na simu ndivyo ilivyo: namna vitufe vilivyopangwa huzidisha maradhi au huyapunguza.

Tuchukue mfano wa Twitter. Mwaka 2021 kampuni hiyo iliweka onyo: mtu akiandika jibu lenye matusi kwa Kiingereza, kabla halijaondoka aliulizwa kama anataka kulisoma tena. Katika majaribio yao, asilimia 34 ya walioulizwa walibadili maneno au waliacha kutuma kabisa. Hakuna aliyekatazwa. Walicheleweshwa kidogo tu, hasira ikapata nafasi ya kushuka. (Wazee wetu walitumia njia hiyohiyo bila mtambo wowote.)

Instagram nao, mwaka 2019, waligundua kwamba vijana wanaogopa kumzuia mtesi wao, kwa sababu anayesoma naye darasa moja atajua na ugomvi utazidi. Wakaweka njia ya kumwekea mipaka kimyakimya: anaendelea kuandika maoni, lakini asipokubaliwa huyaona yeye peke yake. Tunaiona ni dawa nzuri, maana imetokana na kumsikiliza mgonjwa.

Kwenye WhatsApp, tangu mwaka 2019 unaweza kuamua nani akuingize katika kundi. Fungua mipangilio, kisha faragha, kisha makundi, uchague watu ulio na namba zao tu. Usipogusa hapo, yeyote mwenye namba yako anaweza kukuingiza. Tangu mwaka 2022 unaweza pia kutoka kundini bila kutangazwa kwa wote. Wasimamizi ndio wanaoarifiwa.

Mzazi, mtoto akikuonyesha matusi, usimnyang'anye simu. Ukifanya hivyo, safari nyingine atakuficha. Kwanza pigeni picha ya maneno hayo pamoja na jina na tarehe, kwa sababu polisi au mwalimu atahitaji ushahidi. Ndipo mumripoti mtumaji na kumzuia. Lakini kama ni picha ya utupu ya mtoto, msiinakili wala kumpelekea mtu. Ripotini polisi mara moja.

Na mtoto akitamka kwamba heri afe, au akianza kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoeni dawa na sumu za shambani nyumbani, mkamlete hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.